Hivi sauti ya tatu ya Rast inakaa wapi hasa? Kinanda kinasema senti 350, mzee wa udi anakataa

Mpigaji_Shangani (mwanzisha uzi)
Wakuu salaam. Najua humu wamo wapiga taarabu, mafundi wa ala na watu wa hesabu, kwa hiyo naleta jambo linalonikera muda mrefu.

Napiga kinanda kwenye kikundi kimoja cha taarabu hapa mjini Unguja. Ni kinanda kilichotengenezwa kwa soko la Waarabu, kina vitufe vya kushusha noti moja moja kwa robo toni. Tukipiga kitu cha Rast (moja ya maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu) nashusha Mi na Si kwa senti 50, kama maelekezo yanavyosema (senti 100 ni nusu toni, oktava nzima ni 1200). Hapo Mi inakaa senti 350 juu ya Do, katikati kabisa ya tatu ndogo ya kinanda (300) na tatu kubwa (400); tatu ni umbali wa noti ya kwanza hadi ya tatu. Mzee wetu wa udi akiisikia anakunja uso: "Hiyo imelala, inyanyue." Nikiinyanyua, mpiga fidla anasema imezidi. Tukiingia maqamu nyingine, Bayati, mzee yule yule anasema Mi ile ile sasa iko juu mno!

Dai langu, mnipinge kwa hoja: robo toni ni kitu cha vitabuni. Hakuna mpigaji wa kweli anayepiga 350. Sasa kama si 350, ni ngapi?

NgojaWaje
Nimetandika mkeka. Wajuvi njooni.

Hesabu_Tamu
Mkuu, usiizike 350 mapema. Tano safi (Do hadi Sol) ni uwiano wa mitetemo wa 3 kwa 2, yaani senti 702. Tatu za kati, zilizo baina ya ndogo na kubwa, zinazotajwa sana ni mbili: 11 kwa 9, ambayo ni senti 347, na 27 kwa 22, senti 355. Panga moja juu ya nyingine, unapata tano safi bila kubaki chembe. Zinatofautiana kwa 243 kwa 242, kama senti 7 hivi.

Anayetaka ala yenye noti chache anaifuta tofauti hiyo. Anazifanya zote mbili kuwa nusu ya tano: 702 gawa kwa 2 ni 351. Hiyo ndiyo 350 yako, imepungua senti moja tu kwa kuwa tano ya kinanda ni 700. Kwa hiyo si kosa, ni maafikiano. Kinanda cha kawaida nacho kinakupa tatu kubwa ya 400 badala ya 386 iliyo safi, na hakuna anayelalamika.

Mwl_wa_Kwaya
@Hesabu_Tamu hakuna anayelalamika? Njoo mazoezini kwangu siku tunaimba bila kinanda. Waimbaji wakitulia, tatu kubwa inashuka yenyewe hadi mahali pake, chodi inafunga mpaka unasikia kifua kinatetemeka. Nikiwasha kinanda inafunguka tena. Tumezoea, lakini kuzoea si kukubali.

Kidole_cha_Pete
Mimi ni mpiga udi, na naona mnahesabu hewani. Chukueni rula. Uzi wa sentimita 60, pimeni kutoka kwenye kitako cha juu, kule uzi unakopita kuelekea vigingini. Tatu ndogo safi (6 kwa 5) utaibonyeza sentimita 10 kamili. Tatu kubwa safi (5 kwa 4) ni sentimita 12 kamili. Ile 11 kwa 9 inaangukia 10.9, na 27 kwa 22 inaangukia 11.1. Yaani ugomvi wenu wote ni milimita 2. Nyama ya ncha ya kidole changu ni pana kuliko hapo.

Halafu udi hauna freti (vile vizuizi vya shingoni kama vya gitaa). Nikiteleza kidogo nimeshatoka kwenye moja nimeingia nyingine, na hakuna sherehe yoyote.

Mpigaji_Shangani
Kumbe milimita 2! Asante mkuu. Lakini basi mbona mzee anaisikia?

Kidole_cha_Pete
Kwa sababu sikio ni kali kuliko kidole. Kidole kinakosea, sikio linakirudisha mahali pake kabla msikilizaji hajajua. Kinanda hakirudishwi na mtu. Ukikiwekea 350 kitabaki 350 mpaka umeme ukatike.

Mstaarabu_wa_Mji
Niwape ukweli. Hizi robo toni zilibuniwa kwenye mkutano wa Kairo mwaka 1932, Wazungu walipokaa na Mfalme Fuad wakaamua kuugawa muziki wa Waarabu vipande 24 sawa. Kabla ya hapo hazikuwepo. Zanzibar tukaletewa tu.

BintiMalindi
@Mstaarabu_wa_Mji hapana ndugu yangu, umechanganya mambo mawili.

Vipande 24 sawa vina umri mkubwa kuliko mkutano. Mikhail Mishaqa, mtu wa Lebanon na Damascus aliyefariki 1888, aliviandika katika risala yake kwenye karne ya 19. Na mkutano wa 1932 haukuamua kitu kama hicho. Kamati ya ngazi za sauti ilipima ala, ikabishana, ikashindwa kukubaliana. Wamisri wengi walitaka 24 sawa, Waturuki akiwemo Rauf Yekta wakakataa. Wazungu waliohudhuria, kina Bartók, Hindemith, Sachs na Hornbostel, wengi wao ndio walioogopa piano isije ikaua tofauti ndogo ndogo. Waliokuwa na hamu ya piano ya robo toni walikuwa Waarabu wenyewe, waliotaka muziki wao uende na wakati.

Na tatu ya kati yenyewe ni kongwe mno. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, anaieleza kwenye kitabu chake kikubwa cha muziki na kuinasibisha na Mansur Zalzal, mpiga udi wa Baghdad wa enzi za Harun al-Rashid. Ile 27 kwa 22 inatoka huko. Baada yake Ibn Sina akaweka yake ya 39 kwa 32, senti 342, chini zaidi. Wakubwa hao wawili hawakukubaliana, nasi tunataka kinanda kitupe jibu moja!

Mstaarabu_wa_Mji
Nimekusoma Binti. Ila wewe nawe kila uzi lazima umfufue al-Farabi.

BintiMalindi
Na nitamfufua tena, subiri.

FundiGanuni
Salaam jamani. Mimi naziona ganuni (ala bapa ya nyuzi nyingi) zikiwa zimefunguliwa matumbo, kwa hiyo niseme ninachokiona mezani.

Chini ya nyuzi, upande wa kushoto, kuna vibao vidogo vya chuma vya kuinua na kulaza. Ukikiinua, uzi unafupika na sauti inapanda. Waarabu wanaviita urab, Waturuki wanaviita mandal. Zamani havikuwepo, mpigaji alibonyeza uzi kwa ukucha wa kidole gumba cha kushoto na kuitafuta sauti mwenyewe. Vilipokuja vibao, ile kazi ya kidole gumba akapewa fundi. Sasa fundi ndiye anayeamua Mi yako iko wapi, na ameamua akiwa karakanani, hajui utapiga Rast au Bayati.

Ganuni ya Kiarabu ina vibao vichache kwa kila sauti, robo kwa robo. Ya Kituruki ina vingi, kawaida nusu toni inagawanywa mara sita. Mpigaji aliyezoea ya Kituruki ukimpa ya Kimisri anahangaika kama mtu aliyefungwa mkono.

Hesabu_Tamu
@FundiGanuni hapo umegusa penyewe. Nusu toni mara sita ni 72 kwa oktava. Wakati nadharia ya Waturuki inaigawa oktava koma 53, yaani vipande 53 sawa. Na 53 haina tatu ya kati kabisa! Tano yake ni koma 31, namba isiyogawika kwa 2. Kila mgawanyo ambao tano yake ni namba witiri hauwezi kuizaa nusu-tano: 12 (tano ni hatua 7), 19 (hatua 11), 22 (hatua 13), 53 (hatua 31). Inayoweza ni 17 (tano ni 10, nusu ni 5, senti 353), 24 (14 na 7, senti 350), 31 (18 na 9, senti 348), 41 (24 na 12, senti 351), na hiyo 72 (42 na 21, senti 350).

Ndiyo sababu Rast ya Waturuki kwa nadharia yao si ya tatu ya kati. Wanaiandika koma 17, senti 385, karibu sawa kabisa na tatu kubwa safi ya kwaya ya Mwalimu.

Mwl_wa_Kwaya
Kwa hiyo Waturuki wako upande wangu. Nimefurahi.

BintiMalindi
Na nimfufue mwingine: Safi al-Din al-Urmawi, aliyefariki 1294. Ngazi yake ina sauti 17 katika oktava, lakini amezipata kwa kufuatanisha tano safi, si kwa kuzigawa nusu. Matokeo yake ile sauti iliyokaa mahali pa Zalzal ikapanda hadi senti 384. Hiyo ya Waturuki ya leo ina baba wa zamani sana. Kwa hiyo mzee wa udi anayesema "inyanyue" huenda sikio lake limelelewa na sahani za kutoka Sham (Syria na Lebanon) au Istanbul, na mpiga fidla amelelewa na za Kairo. Wapigaji wengi wanakiri kwamba Mi ya Sham iko juu kuliko ya Misri.

Mpigaji_Shangani
Fidla wetu kweli kasikiliza redio ya Kairo tangu utotoni. Mzee sijui, nitamuuliza.

Kijana_wa_Old_Town
Niko Mombasa. Kwetu huku udi waungana na tabla na vifaa vya Kihindi, na Rast ya kuvuta hivyo twaisikia kwa nadra. Nauliza tu: si taarabu yenu ilitoka Misri moja kwa moja? Basi si mufuate Misri?

Mstaarabu_wa_Mji
Hilo ndilo linalosimuliwa, kwamba Sultan Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni. Ikhwani Safaa wakaanzisha klabu yao 1905 na wakaagiza ala kutoka huko huko.

BintiMalindi
Sawa, lakini Misri ya wakati huo haikuwa Misri ya kitabu. Angalieni Siti binti Saad na wenzake walivyorekodi Bombay mwaka 1928, miaka minne kabla ya mkutano wa Kairo. Hakuna aliyekuwa na chati ya 24. Walikuwa na udi, fidla, ngoma na makoo yao. Sikilizeni zile sahani kwa makini, msikilize sauti inavyoingia noti kutoka chini. Utaipima wapi, mwanzo wake au mwisho wake?

Kidole_cha_Pete
Binti, hapo umenikosha. Koo haina kituo kimoja.

SolfaNaSayansi
Naleta maelezo mengine kabisa. Mnadhani tatu ya kati ni ya kuhesabiwa, mimi naona ni ya asili. Kila uzi unapolia una sauti nyingine ndani yake: ya pili, ya tatu, ya nne, na kuendelea. Kati ya ya tisa na ya kumi na moja kuna 11 kwa 9 yenyewe, senti 347. Baragumu lisilo na vitobo linaitoa hiyo ya kumi na moja bila kuambiwa na mtu. Watu waliisikia porini, wakaiimba, wasomi wakaja na rula baadaye.

Na tusitazame Waarabu peke yao. Wagogo wa Dodoma wanaimba kwa sauti hizo hizo. Sikilizeni ilimba (ala ya vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba) na zeze za Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, tatu ya kati imejaa.

Dodoma_Asilia
@SolfaNaSayansi mimi ni Mgogo, nimekua nikisikia ilimba nyumbani. Kweli tunafuata sauti za ndani za uzi, na mtafiti Gerhard Kubik ameliandika hilo. Lakini amezieleza kuanzia ya nne hadi ya tisa, wakati mwingine ya kumi. Ya kumi na moja haimo! Tatu inayotoka hapo ni ya nne kwa ya tano, yaani ile kubwa safi ya senti 386, na nyingine ya sita kwa ya saba, senti 267, ambayo ni ndogo kuliko tatu ndogo yoyote ya kinanda. Zawose ana utamu wake, lakini huo si wa Zalzal.

SolfaNaSayansi
Nashukuru kwa hilo. Basi nahamia Msumbiji: timbila, marimba za Wachopi. Hugh Tracey alizipima katika miaka ya 1940 na akaona oktava inakaribia kugawika sehemu 7 zinazolingana. Sehemu moja ni senti 171, mbili ni 343. Tatu zote kwenye timbila ni za kati, hakuna kubwa wala ndogo.

Hesabu_Tamu
Na 7 nayo inapita mtihani wangu: tano ni hatua 4, nusu ni 2. Tano yenyewe ni senti 686 tu, imepungua sana, lakini kwa ubao unaolia kifupi na kuzimika inavumilika.

Dodoma_Asilia
Ila Mchopi hagawi oktava kwa 7 kwa kalamu. Fundi anachonga ubao, anausikiliza, anachonga tena. Vipimo vya timbila moja havilingani hasa na vya nyingine.

Mwl_wa_Kwaya
Turudi kwa Mpigaji jamani, tumeshafika Inhambane na mtu ana onyesho.

@Mpigaji_Shangani, swali: mkipiga Rast, gitaa la besi na kinanda cha pili vinafanya nini chini yako? Vinapiga chodi?

Mpigaji_Shangani
Ndiyo, kinanda cha pili kinashika chodi za Do, Fa na Sol. Kawaida tu.

Mwl_wa_Kwaya
Basi mgonjwa tumempata. Mwenzako anashika Do meja, ndani yake mna Mi ya senti 400. Wewe juu yake unaleta Mi ya 350. Hizo mbili zinapigana, masikio yanasikia msuguano, na mzee anauita "kulala". Hata uweke 355 au 347 vita itaendelea. Mwambie aache Mi, ashike Do na Sol tupu.

FundiGanuni
Hilo lina ukweli, na ndilo lililotumaliza. Vikundi vya sasa vinavyojaza vinanda na magitaa, Rast inageuzwa meja na Bayati inageuzwa maina bila mtu kutamka. Maqamu za Hijaz na Nahawand zimepona kwa sababu zinakaa kwenye funguo za kawaida. Hesabuni nyimbo mpya mnazozisikia harusini, mtajua nimesema nini.

Kodiani nayo vivyo hivyo. Wamisri walizibadilisha ndimi (vyuma vinavyolia ndani yake), noti fulani zikashushwa robo. Ukikwangua ulimi karibu na ncha sauti inapanda, ukikwangua karibu na shina inashuka, na kwa kushusha sana unatia tone la risasi kwenye ncha. Inawezekana. Lakini mwenye kodiani anaogopa kuichezea, na simlaumu, maana ulimi ukikatika hupati mwingine dukani.

Kidole_cha_Pete
@Mwl_wa_Kwaya chodi ni sehemu tu. Mzee analalamika Rast iko chini na Bayati iko juu. Chodi haielezi hilo. Hilo ni la maqamu yenyewe: Mi ya Rast inakaa juu kidogo, Mi ya Bayati inakaa chini kidogo, japo kitabu kinaziandika kwa alama moja. Mmarekani Scott Marcus aliyejifunza kwa wapigaji wa Kairo ameliandika wazi, wao wenyewe walimweleza.

Hesabu_Tamu
Hilo nalo lina kiti chake ndani ya hesabu. Ukikataa kuifuta ile 243 kwa 242, unabaki na tatu mbili za kati, ya 355 na ya 347. Ya juu wape Rast, ya chini wape Bayati.

Kidole_cha_Pete
Mbona unataka kila kitu kiwe na kiti?

Hesabu_Tamu
Kwa sababu aliyeuliza anapiga kinanda, kinanda hakina kidole cha kuteleza. Lazima tumpe namba.

Na niseme uzuri wa mpangilio wa nusu-tano, maana mnauona kama umaskini. Anza Fa, panda nusu-tano: La ya kati, Do, Mi ya kati, Sol, Si ya kati, Re, Fa iliyopandishwa robo, La. Hizo ni tisa. Rast yote imo humo, inaacha mbili tu. Ukichukua saba zinazofuatana bila kuruka unapata ngazi nyingine, hatua zake ni za aina mbili pekee, senti 204 na 147, ambayo Mfaransa Jacques Dudon ameiita Mohajira. Ukifika 10, kisha 17, kisha 24, hatua zinakuwa tena za aina mbili pekee. Kanuni moja ndogo inakujengea nyumba nzima. Mimi hilo linanisisimua kweli kweli.

BintiMalindi
Naielewa raha yako. Lakini Rast "inaacha mbili" maana yake Rast haikujengwa kwa kupanda nusu-tano. Imejengwa kwa vipande vya sauti nne nne: Do Re Mi Fa, kisha Sol La Si Do, kimoja kinakifuata kingine kwa umbo lile lile. Wewe umeikuta nyumba imekwisha ukaingiza ramani yako.

Hesabu_Tamu
Ramani ikilingana na nyumba si dhambi.

Gitaa_la_Kariakoo
Wakuu nimechelewa. Mimi nataka freti za Rast kwenye gitaa. Uzi wa sentimita 65. Fundi anasema ataongeza freti moja kati ya ya 3 na ya 4, sentimita 11.9 kutoka juu. Ni sawa?

Kidole_cha_Pete
Hapo ni 350. Ni sawa kwa 350. Mwambie afunge freti ya uzi wa nailoni kwanza badala ya chuma, uweze kuisogeza. Wairani wanafunga freti za ala zao, tar na setar, kwa kamba za utumbo tangu enzi, na wanazisogeza wanavyotaka.

Hesabu_Tamu
Ukipata fundi mvumilivu, fikiria freti 17 kwa oktava. Rast inatoka hatua 3 2 2 3 3 2 2, jumla 17. Mmarekani George Secor alitengeneza mpangilio wa sauti 17 mwaka 1978, ambao tano zake hazilingani zote, kila ufunguo una ladha yake.

Gitaa_la_Kariakoo
Fundi wangu akisikia 17 atanifukuza. Naanza na nailoni.

Mpigaji_Shangani
Jana tumefanya mazoezi. Nimemwambia mwenzangu aache Mi kwenye chodi, na kwenye kumbukumbu ya kinanda nimeweka mipangilio miwili: Rast nimeshusha Mi kwa senti 42 tu, Bayati nimeshusha kwa 58. Mzee wa udi amepiga wimbo mzima bila kusema neno kuhusu Mi. Fidla bado anasema Rast imezidi. Na nilimuuliza mzee alijifunzia wapi: kwa baba yake, na baba yake kwa sahani za gramafoni, hakumbuki za nani.

Mwl_wa_Kwaya
Ni chodi hiyo, nilikwambia.

Kidole_cha_Pete
Ni ile 42 na 58, si chodi. Leo mrudishie mwenzako Mi yake, acha mipangilio kama ilivyo, usikie mzee atasemaje.

FundiGanuni
Na wimbo ukianza kushuka? Wapigaji wazuri ninaowajua wakishuka wanailegeza Mi kidogo kuliko wakipanda. Utabonyeza kitufe katikati ya mstari?

Mpigaji_Shangani
Kitufe kiko upande wa kushoto, mkono uko huru nikipiga melodia peke yake. Nitajaribu Alhamisi.